Watu 4,000 wamepakua programu yangu, hakuna aliyelipa: ninunue laptopu mpya na kuacha kazi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 26, ni msanidi programu katika kampuni ya watu wapatao thelathini. Usiku na mwisho wa juma nimetengeneza programu ya simu ya Android inayowasaidia wasusi, vinyozi na wapiga picha kupanga miadi ya wateja wao. Sasa ina mwaka mmoja na miezi miwili. Watu 4,000 wameipakua, kama 300 huifungua kila wiki, wananipa nyota na maneno mazuri, lakini sijaona hata senti. Laptopu yangu imechoka, ina miaka mitano. Nina akiba ya mishahara mitatu. Nafikiria ninunue laptopu yenye nguvu na simu mbili mpya za majaribio, kisha niache kazi niishughulikie programu mchana kutwa. Je, niweke matangazo au nitoze? Na nikiacha kazi sasa nitakuwa nimekosea?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako imeanza na mashine, ikapita kwenye kazi, ikaishia kwenye pesa. Mimi nitaishika mkiani, kwa sababu ukishajua nani atakulipa na atakulipia nini, suala la laptopu na la kuacha kazi litakuwa jepesi kuliko unavyoliona sasa.

Tuanze na namba zako. Hiyo 4,000 iweke pembeni. Kupakua programu ya bure ni kama kuchungulia dukani: mtu anapita, anatazama, anaenda zake. Simu hii iliyo mezani pangu ina programu zaidi ya sabini na sidhani kama naweza kukutajia ishirini bila kuiwasha. Namba yenye uhai ni 300. Hao wanarudi kila wiki bila kusukumwa, na kwa kazi ya mtu mmoja anayeandika msimbo wakati wenzake wamelala, si haba. Ila hata hiyo 300 ni gunia ambalo hujalifungua. Wangapi humo ni wasusi? Wangapi vinyozi? Wapiga picha je? Hukuniambia, na nahisi hukuniambia kwa sababu nawe hujui.

Umewaweka watu watatu kwenye kapu moja, na hawafanani hata kidogo. Kinyozi anamaliza kichwa ndani ya nusu saa na wateja wake wengi huingia tu mlangoni. Mmoja asipotokea, aliyekuwa benchi anasogea. Miadi kwake ni urembo. Msusi anakaa na kichwa kimoja saa nne, tano, wakati mwingine zaidi. Mteja wa asubuhi akiingia mitini, nusu ya siku imekwenda, na aliyemkatalia nafasi jana yake amekwishasukwa kwingine. Mpiga picha wa harusi ni wa aina nyingine tena: anauza tarehe. Jumamosi moja akiiuza kwa watu wawili ni ugomvi, asipoiuza ni hasara, na tayari amezoea kuomba kianzio, yaani malipo ya awali, kabla hajaandika jina la mtu.

Programu yako inawapa nini? Kwa ulivyoieleza, kalenda yenye majina. Kalenda wanayo tayari, ilikuja na simu. Hapa ndipo wasanidi wengi huumia, na kuna mfano mmoja ninaoupenda. Apple ilifungua duka lake la programu Julai 2008 likiwa na programu kama 500. Baadaye, simu zilipokuwa na taa ya kamera, programu za tochi zikawa biashara. Zilikuwa kitu chepesi kutengeneza na kila mtu alikihitaji gizani. Mwaka 2013 toleo la saba la iOS, mfumo endeshi (programu mama) wa simu za Apple, likaweka kitufe cha tochi kwenye paneli inayovutwa kutoka chini ya skrini. Hakuna aliyezifukuza zile programu dukani. Sababu ya kuzipakua tu ndiyo iliyotoweka. Chochote ambacho mfumo endeshi unaweza kukiongeza kwa kitufe kimoja, usikijengee nyumba.

Kitu ambacho mfumo endeshi hautamfanyia msusi ni kuhakikisha mteja anatokea. Jina lake analo. Anachokikosa ni uhakika kwamba mwenye jina atafika saa tatu kamili. Kikumbusho cha siku moja kabla, kitufe cha mteja kuthibitisha au kuahirisha, orodha ya watu wa akiba wanaoweza kuitwa nafasi ikiachwa wazi, na kianzio kidogo ambacho asiyetokea harudishiwi: hivyo ndivyo vitu vyenye hesabu. Kiti kilichokuwa kikae kitupu kikijazwa mara moja tu kwa mwezi, ada yako imerudi na chenji imebaki.

Hapo nimebahatisha, na inaweza kuwa nimekosea. Sijakaa na wateja wako. Tatizo ni kwamba nawe hujakaa nao, la sivyo ungeniandikia habari zao badala ya habari za laptopu.

Nikusimulie kisa changu, maana nilishaingia kwenye shimo hilo. Miaka tisa iliyopita nilitengeneza programu ya makocha wa timu za watoto. Ilichukua mahudhurio, ikafuatilia maendeleo ya kila mchezaji, ikachora grafu za rangi sita. Miezi mitano ya usiku. Kocha wa kwanza niliyemkabidhi aliitumia mara mbili, akarudi kwenye daftari lake. Nikasema moyoni kwamba ni mtu wa zamani, haelewi. Ikabidi niende uwanjani nikaone mwenyewe. Mikono yake ilikuwa na matope. Jua lilipiga kwenye kioo cha simu asione kitu. Watoto ishirini na wawili walikuwa wanamvuta huku na huku. Daftari halikuwa na nenosiri na kalamu haikuhitaji chaji. Wakati wa mapumziko nikamuuliza kitu gani kilimkera zaidi wiki ile. Hakutaja mahudhurio kabisa. Alisema: mvua ikinyesha, napiga simu kwa wazazi mmoja mmoja kuwaambia hakuna mazoezi. Ujumbe mmoja kwa wazazi wote kwa mpigo. Hicho ningekiandika kwa wiki moja. Zile grafu bado ninazo kwenye diski fulani. Sizifungui.

Kwa hiyo kabla hujagusa msimbo tena, chagua watu kumi katika wale 300, wale wanaoifungua programu mara nyingi zaidi, na uongee nao. Usiwaulize kama wangelipia. Watu wana adabu, hasa mbele ya kijana mwenye bidii. Wote watakuitikia ndiyo na utarudi nyumbani na ndiyo kumi zisizonunua hata vocha. Waulize mambo yaliyokwisha kutokea: mara ya mwisho mteja hakuja ilikuwa siku gani? Ulifanyaje? Ulipoteza kiasi gani? Umewahi kulipia kitu chochote ili lisijirudie? Mtu ambaye tayari anamlipa mdogo wake awapigie wateja simu kila jioni, huyo ni mteja wako hata kabla hujamwonyesha kitu. Anayejibu kwamba huwa inatokea tu, ni kawaida, mshukuru umwache. Kero yake haimuumi.

Ukimpata mwenye kero, kaa naye siku nzima. Si dakika ishirini za mahojiano. Siku nzima, ukiwa pembeni umenyamaza. Utaona anaandika miadi nyuma ya risiti kwa sababu mikono yote miwili imeshika nywele. Utaona simu ni moja, anaitumia yeye na msaidizi wake, na kuna mtoto anayeichukua kucheza michezo. Mambo haya hayaonekani kwenye takwimu za programu hata uziangalie usiku kucha.

Kisha uza kabla hujatengeneza. Mwambie: kuanzia Jumatatu nitawakumbusha wateja wako wote siku moja kabla, kwa bei hii kwa mwezi, malipo ni leo. Akilipa, kila jioni chukua majina ya kesho kutoka kwenye programu na utume ujumbe mwenyewe, kwa vidole vyako. Ndiyo, kwa mkono. Watu watano wa namna hiyo unaweza kuwahudumia kwa nusu saa kila jioni, na ndani ya mwezi utajua ujumbe upi unajibiwa, saa ngapi, na wateja gani hawatokei hata ukiwakumbusha mara tatu. Msimbo utakaouandika baada ya hapo utakuwa mfupi kuliko unaoufikiria leo. Na kama katika kumi hakuna hata mmoja aliyetoa pesa, umeokoa mwaka wako wa pili.

Juu ya matangazo: hapana. Tupige hesabu tu. Watu 300, kila mmoja akifungua programu mara tatu kwa wiki, ni mara 3,600 kwa wiki nne. Hata tukisema mtangazaji anakulipa dola 2 kwa kila mara 1,000 tangazo linapoonekana, unapata dola 7 na senti 20 kwa mwezi. Kwa pesa hiyo umemwekea msusi bango linalomulika katikati ya kazi yake, na yumkini siku moja bango hilo litatangaza programu ya mshindani wako. Matangazo yanalipa penye umati. Yule kijana wa Vietnam, Dong Nguyen, aliyetengeneza mchezo wa Flappy Bird, aliripotiwa mwanzoni mwa 2014 kuingiza kama dola 50,000 kwa siku kwa matangazo, lakini mchezo ule ulikuwa umepakuliwa zaidi ya mara milioni 50. Mwenyewe akauondoa dukani Februari mwaka huohuo, akisema umaarufu umemvurugia maisha. Wewe huna umati. Una watu wachache wenye kazi inayoingiza pesa kila siku, na kibiashara hao ni bora, ila wanatozwa kwa njia nyingine.

Watoze. Na usiogope bei. Vijana wengi huniambia nitaweka bei ndogo sana ili kila mtu amudu. WhatsApp iliwahi kutoza karibu dola moja kwa mwaka, na mwaka wa kwanza ulikuwa bure. Januari 2016 wakaiondoa kabisa ada hiyo, wiki chache kabla ya kutangaza kwamba wamefikisha watumiaji bilioni moja. Bei kama ile inamfaa mwenye watu wa kuhesabiwa kwa mamia ya milioni. Kwako wewe, wateja 40 wa dola moja kwa mwaka ni dola 40, na bado watakupigia simu saa nne usiku kwamba programu imegoma. Anayelipa kidogo na anayelipa vizuri wanapiga simu sawa. Anza na bei ambayo ukiitaja sauti inakukwama kidogo, uone uso wa mtu.

Tuseme umefika wateja 40 wa dola 5 kwa mwezi. Hizo ni dola 200. Duka la Google lilianza Julai 2021 kukata asilimia 15 kwenye dola milioni ya kwanza ya mwaka; Apple ilishusha makato yake kutoka asilimia 30 hadi 15 kwa wasanidi wadogo Januari mwaka huohuo, kwa anayejisajili kwenye mpango wake wa punguzo hilo. Ukitoa 15, umebaki na 170. Masharti haya yamekuwa yakibadilika kwa sababu ya kesi na sheria mpya za ushindani, kwa hiyo soma ukurasa wa masharti wewe mwenyewe mara kwa mara. Toa gharama ya seva (kompyuta ya mtandaoni inayohudumia programu yako), toa ya jina la tovuti. Halafu inakuja gharama ambayo karibu kila anayetengeneza programu ya miadi huisahau: ujumbe mfupi. Ukituma kwa kupitia seva, kila ujumbe una bei. Msusi mwenye wateja 100 kwa mwezi, kila mmoja jumbe mbili, ni jumbe 200 kwa mtu aliyekulipa dola 5. Piga hesabu hiyo kabla hujaandika neno "bila kikomo" popote. Nimeona programu nzuri ikifa kwa kuwa kila mteja mpya aliongeza hasara.

Kuna njia ya kuzunguka hapo, tena ni bora zaidi. Programu yako inaweza kufungua ukurasa wa ujumbe kwenye simu ya msusi ukiwa umeshajazwa namba na maneno, yeye akabonyeza tu kitufe cha kutuma. Kwenye Android hilo halihitaji hata ile ruhusa ya kutuma jumbe ambayo Google imeibana. Gharama inabaki kwake, na ni ndogo kwa sababu ana kifurushi chake. Zaidi ya hapo, mteja anaona namba anayoifahamu badala ya jina la ajabu analolidhania utapeli. Kasoro yake ni kwamba lazima msusi abonyeze. Wengine watasahau, na hao ndio watakaolipia zaidi ili wafanyiwe.

Umechoka kusubiri laptopu, najua.

Miaka mitano si uzee kwa laptopu. Kabla ya kuihukumu, itazame inapoumwa: fungua kidirisha kinachoonyesha matumizi ya prosesa, kumbukumbu na diski, kisha uijenge programu yako kama kawaida. Ukiona kumbukumbu imejaa pomoni na diski inahangaika, ugonjwa ni RAM, yaani hiyo kumbukumbu. Ongeza, kama modeli yako inaruhusu, maana nyingine RAM imechomelewa kwenye bodi na haibadilishwi. Ukiwa bado na diski ya kuzunguka, weka SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi, na hutaamini kuwa ni mashine ileile. Ikipiga kelele na kupunguza kasi ikipata moto, huenda feni imejaa vumbi tu. Na nina wasiwasi kwamba kinachoimaliza ni simu ya kuigiza unayoiendesha ndani ya laptopu ili kujaribu programu. Ile hula kumbukumbu kama moto wa nyasi. Chomeka simu halisi kwa waya, uzime ile ya kuigiza, na nusu ya uchovu wa mashine utaondoka leo bila kununua kitu.

Hapo tunafika kwenye simu mbili mpya. Usizinunue. Nunua moja kuukuu: RAM ndogo, kioo kimepasuka pembeni, hifadhi imebaki nafasi kiduchu, betri inashuka ukiitazama. Hiyo ndiyo iliyo mkononi mwa mtumiaji wako. Programu inayofunguka kwa sekunde moja kwenye simu ya bei mbaya inaweza kukaa sekunde kumi kwenye ile, na katika sekunde kumi mtu ameshachukua kalamu.

Kuna sababu nyingine nzito zaidi, kwa kuwa unaelekea kwenye vikumbusho. Tangu Android 6, iliyotoka 2015, mfumo huzilaza programu simu inapokaa bila kuguswa ili kuokoa betri. Juu ya hapo, baadhi ya watengenezaji wa simu huongeza ukali wao: programu usiyoifungua kwa muda inauawa kimyakimya, pamoja na kengele zake zote. Kwenye simu yako mpya kikumbusho kitalia kila siku nawe utaapa kuwa kazi imekamilika. Kwenye simu ya msusi hakitalia, atapoteza mteja, na atakulaumu wewe, siyo aliyetengeneza simu. Jaribu hili kwa simu za chapa tatu tofauti, ziache usiku kucha juu ya meza bila kuzigusa, uone asubuhi. Za chapa nyingine azima kwa wenzako kazini. Hakuna haja ya kuzimiliki.

Nasema haya nikiwa na droo iliyojaa. Nina kibao cha kuchorea chenye kalamu yake, nilichonunua nikiamini kitanifanya msanifu wa mwonekano. Nina kibodi inayolia kama mvua juu ya bati, na saa janja mbili. Kila kimoja nilikinunua katika wiki ambayo kulikuwa na simu ya kupiga kwa mteja na niliiogopa. Kununua kifaa kunafanana sana na kufanya kazi: unasoma, unalinganisha, unachagua, unafungua boksi, siku imeisha na umechoka kihalali. Sikukatazi kupenda mashine, mimi mwenyewe sijapona. Ila jiulize kwa nini hamu ya laptopu imekuja sasa, mwezi ambao swali lililo mbele yako ni la kumwomba mtu pesa.

Kazi. Akiba yako ni mishahara mitatu. Ukitoa laptopu yenye nguvu na simu mbili, unabaki na nini? Pengine mshahara mmoja. Mtu mwenye akiba ya mwezi mmoja hasikilizi wateja vizuri. Anasikia tu anachotaka kusikia, anamkubalia kila ombi anayeahidi kulipa, na wiki ya sita anaanza kuomba kazi za vibarua ambazo zitamla muda kuliko ajira aliyoiacha.

Tazama wenye majina walivyofanya. Steve Wozniak alipobuni kompyuta ya kwanza ya Apple, mwaka 1976, alikuwa bado mwajiriwa wa kampuni ya teknolojia ya Hewlett-Packard, na hakuwa na haraka ya kuondoka. Pierre Omidyar aliianzisha AuctionWeb, tovuti ya mnada iliyokuja kuitwa eBay, Septemba 1995 akiwa na ajira yake katika kampuni nyingine ya teknolojia. Mwanzoni tovuti ilikuwa bure. Wageni walipozidi, mtoa huduma wake wa intaneti akampandishia ada hadi dola 250 kwa mwezi, naye akalazimika kuwakata wauzaji asilimia ndogo. Hakujua kama watalipa. Bahasha zenye hundi na sarafu zikaanza kumiminika. Ajira aliiacha mwaka 1996, pale tovuti ilipokuwa inamwingizia zaidi ya mshahara.

Mimi kwa maoni yangu sikusubirishi hadi hapo. Programu ikikulipa nusu ya mshahara kwa miezi sita mfululizo, na akiba ikifika miezi minane ya matumizi yako halisi, ondoka. Kabla ya hapo, omba kupunguziwa siku: siku nne kwa wiki, mshahara upungue kwa kiasi hicho. Waajiri wengi wangependa kuwa na msanidi mzuri kwa siku nne kuliko kumkosa kwa tano. Watakukatalia wengine, lakini kuuliza hakugharimu. Tena, ungali humo, kaa karibu na watu wa mauzo. Wewe unajua kuandika programu. Wao wanajua kukaa kimya baada ya kutaja bei. Kunywa nao chai.

Na mkataba wako umeusoma? Sisemi kuupitia siku ya kusaini. Mikataba mingi ya wasanidi ina kifungu kinachosema kazi unayoibuni ukiwa mwajiriwa ni mali ya mwajiri. Vingine vinaishia kwenye saa za kazi na vifaa vya ofisi, vingine vinafika hadi kwenye lolote linalohusiana na biashara ya kampuni, hata ukiliandika kitandani usiku wa manane. Wozniak aliliona hilo. Aliona ni wajibu wake kuipeleka kompyuta yake kwa Hewlett-Packard kwanza, wakaikataa, ndipo akawa huru nayo. Kukataliwa kule kulikuwa na thamani kubwa kwake kuliko kukubaliwa.

Wewe fanya hivi. Soma kifungu hicho, ukishindwa kukielewa mlipe mwanasheria saa moja. Kisha mwandikie mwajiri barua fupi: nina programu ya kupanga miadi ya wasusi na wapiga picha, naitengeneza nje ya saa za kazi kwa vifaa vyangu, haigusi biashara ya kampuni, naomba mthibitishe kwa maandishi kuwa hamna dai juu yake. Fanya hivyo sasa, wakati programu haina thamani ya kugombewa. Ikishaanza kuingiza pesa, barua hiyohiyo itasomwa na macho mengine. Kuanzia leo pia, hata mstari mmoja wa msimbo usiuandike kwenye laptopu ya ofisi, hata kama ni Jumapili, hata kama ni kurekebisha herufi moja. Mashine za ofisi hutunza kumbukumbu za kila kilichohifadhiwa humo, na kwenye mzozo tarehe hizo husomwa moja baada ya nyingine.

Kuna jambo moja dogo ambalo nakuomba ulitazame hata kabla ya mkataba. Akaunti yako ya msanidi kwenye duka la programu, uliifungua kwa baruapepe ipi? Na jina la tovuti, na seva, na namba ya simu inayopokea zile tarakimu za uthibitisho? Nimefanya kazi na kijana aliyeacha ajira Ijumaa, Jumatatu baruapepe ya ofisi ikafungwa kama ilivyo kawaida, na kumbe ndiyo iliyokuwa ufunguo wa kila kitu. Hakuna aliyemwonea. Hakuweza tu kuingia tena kwenye programu yake mwenyewe, na wakati huo ilikuwa na wateja wanaolipa. Kama na yako iko hivyo, ihamishe usiku huu, kabla hujampigia msusi wa kwanza.